Daftari Tatu Chini ya Mkorosho

Mtu wa kwanza niliyemwandika katika orodha ya wasiojua kusoma na kuandika alikuwa baba yangu mzazi. Ilikuwa miaka ile ya kisomo cha watu wazima. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzi juzi, na mtaa niliopangiwa kuandikisha watu ulikuwa wetu wenyewe, Magomeni ya Mtwara. Fomu iliuliza kama mtu anasoma herufi zile za shuleni. Baba hakuzijua. Alikuwa amefundisha madrasa tangu kabla sijazaliwa, aliandika barua zake zote kwa Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, na watu walitoka Mpapura kwa miguu kuja kusomewa hati za babu zao. Lakini fomu haikuwa na nafasi ya kueleza yote hayo. Nikaandika: hajui.

"Andika tu, mwanangu," alisema, akicheka mpaka kofia ikamteleza. "Serikali ikishasema sijui, mimi nani hata nibishe?"

Aliyekasirika kwa niaba yake ni mpangaji wetu. Alikuwa mzee wa Kizungu, fundi wa mitambo, amepanga chumba chetu cha uani. Alikuja nchini akiwa kijana kufanya kazi katika shamba la mkonge la Mgiriki mmoja, akazeekea palepale. Baada ya Azimio shamba likawa mali ya umma. Mwenye shamba alipanda meli akaenda zake, fundi akabaki, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mtaani walimwita Mgiriki, naye aliitika. Baba alimwita Fundi, na mimi nilimwamkia shikamoo Mzee Fundi kila asubuhi nikienda kuchota maji. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, kimechanganyika na Kimakonde alichookota kwa wakata mkonge, na akikasirika ndipo kilipomnyooka zaidi.

"Binti, na mimi niandike hajui," aliniambia siku ile. Akaingia chumbani, akarudi na daftari, akamwekea baba mapajani.

Baba alilifungua kuanzia kulia bila kuambiwa, maana mistari ilikwenda hivyo. Herufi zilikuwa za pembepembe, nyeusi, zimebanana. Baba aliziangalia kwa muda mrefu.

"Hizi ni za Kiyahudi," alisema.

"Herufi za Kiyahudi, Mwalimu. Lugha ni Kigiriki."

Baba alipiga paja. "Kumbe na ninyi! Ulimi wa nyumbani, mkono wa msikitini!"

Kisha ndipo alipoelewa kilichoambatana na jibu lile. Siku hizo redio ilikuwa ikisema mengi juu ya Wayahudi na vita vya huko kwa Waarabu, na baba mwenyewe Ijumaa aliitikia dua pamoja na wenzake. Fundi alikuwa ameishi kwetu miaka miwili akiitwa Mgiriki, na siku ile alijitoa mwenyewe, kwa ajili ya fomu yangu. Nilimwona anavyombana baba kwa macho, akisubiri kuambiwa afungashe.

"Basi ndiyo maana huli nyama ya mchinjaji yule wa kona," baba alisema hatimaye. "Na mimi nilidhani ni ubahili."

Mambo yakaishia hapo. Kwangu alisema tu kwamba dini ya mpangaji haimo kwenye fomu, kwa hiyo nisiiandike popote.

Tangu siku hiyo wawili wale walipatana mno. Baada ya alasiri baba alikaa akichonga kalamu zake za matete, Fundi akisugua kutu kwenye vipuri vya watu, na mazungumzo yao hayakuisha. Nami nilisahihisha madaftari karibu nao, sikio moja huko. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kwao, katika mji mdogo wa milimani kando ya ziwa, Wayahudi waliishi tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu, na lugha yao ya jikoni, ya kitandani na ya matusi ilikuwa Kigiriki. Kiyahudi kilikuwa cha sala. Alisimulia kwamba zamani mfalme mmoja wa Kiyunani, yaani wa Wagiriki wa kale, alitia sanamu katika nyumba yao takatifu, wakampiga vita, wakamshinda, na bado watoto wao waliendelea kupewa majina ya Kiyunani.

"Mkamshinda na lugha yake mkaichukua?" baba aliuliza.

"Lugha haina kosa, Mwalimu. Wewe, Mwarabu alimchukua babu yako utumwa, na herufi zake umezishika."

Baba aliweka chini kalamu aliyokuwa akichonga. Alikuwa Mmakua kwa mama yake, watu waliouzwa sana utumwani, na jambo lile halikuwa la utani kwake. Fundi akaona amezidisha, akasimulia habari nyingine: ya wazee wao wa zamani walioitwa ng'ambo, Misri, wakayageuza maandiko yao matakatifu kuwa Kiyunani. Wako Wayahudi waliofurahi, kwa sababu watoto wao sasa wataelewa. Wako walioifanya siku hiyo kuwa ya kufunga, kama siku ya msiba.

"Mimi ningefunga," baba alisema.

"Mimi ningefunga mchana," Fundi alijibu, "na magharibi ningefungua kwa kusoma tafsiri."

Mara moja kwa mwaka Fundi alifunga kweli, usiku na mchana, bila maji. Baba aliamuru siku hiyo moto usiwashwe nyumbani kwetu mpaka jua lizame, maana aliyefunga hanusishwi chakula cha watu. Tulikula kiporo cha muhogo ndani ya nyumba, kimyakimya kama wezi. Saa kumi hivi Fundi alisimama mlangoni pa chumba chake, kitambaa kichwani, akasoma habari za nabii aliyemezwa na samaki, kwa Kigiriki. Alisema kwao ilisomwa hivyo saa hiyo ya alasiri ili wanawake nao waifahamu, na mama yake alikuwa akilia kila mwaka samaki anapomtema yule nabii. Kwetu msikilizaji alikuwa baba, na mimi dirishani. Hatukuelewa neno. Baba alisema haidhuru, wanafunzi wake nao hawaelewi.

Daftari za Fundi zilikuwa tatu. Miaka ya vita vikubwa vya Wazungu, Fundi akiwa huku kwenye mkonge, yalifika magari katika mji wao siku moja ya baridi, yakawapakia Wayahudi wote. Mama yake alipakiwa, na dada zake wanne. Katika nyumba yao hakurudi mtu. Alizijua habari hizo kwa barua moja iliyomfikia vita vimekwisha, akaisoma amesimama kando ya mashine, kisha akaendelea na kazi mpaka king'ora cha kutoka kazini. Hakupata mahali pa kukaa matanga wala mtu wa kukaa naye. Alichokifanya ni kununua daftari. Akaanza kuandika nyimbo walizoimba mama yake na dada zake: za kumpeleka bibi harusi kuoga, za kumbembeleza mtoto, za sikukuu, zote kwa Kigiriki kile chao, kwa herufi zile alizofundishwa utotoni. Ilimchukua miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu alikumbuka ubeti leo na mwingine mwakani.

Alikuwa na binamu ng'ambo aliyemwandikia kwamba azitume, zitachapishwa, kwani waliozijua wamekwisha na hakuna pengine zilipoandikwa. Fundi hakuzituma. Ulibaki wimbo mmoja, ule wa kumpeleka bibi harusi kuoga, ambao mwisho wake ulimpotea. Alisema hatatuma kitu kilichokatika.

"Nikiukumbuka mwisho tu, binti, natuma siku hiyohiyo."

Nilimtania kwamba atazeeka akisubiri, akasema tayari.

Sasa niseme langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka mmoja wakati wa masika, kijiji kimoja cha ujamaa karibu na mdomo wa Ruvuma kiliharibikiwa na injini ya pampu, wakaomba Fundi apelekwe. Alikwenda na barua ya ofisi ya kata. Mvua zikakata njia nyuma yake, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ng'ambo ya mto Wareno walikuwa bado wanapigana, ndege zao zilikuwa zimewahi kuvuka, na kila mtu huku alikuwa akitafuta mpelelezi wake. Baba naye alikuwa ameitwa Mpapura kwenye msiba wa ndugu. Nilikuwa peke yangu nyumbani mchana ule alipokuja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mzima, Mmakonde wa juu uwandani, mwoga kidogo lakini si mbaya.

"Binti ya Mwalimu," alisema, hata hakukaa. "Kuna ntu kasema nzungu wenu anaandika maandishi hayajulikani. Kesho asubuhi wakubwa wanakuja kupekua. Mi sijakwambia kitu."

Akaondoka. Nilisimama uani. Niliona mambo mawili tu: Fundi amefungwa, na daftari zile zimetupwa katika moto wa ofisi fulani na mtu asiyejua ni nini. Chumba chake hakikuwa na kufuli. Daftari zilikuwa chini ya godoro, zimefungwa kwa uzi wa katani.

Tangu utoto wangu nilikuwa nikimsaidia baba kuzika kurasa za msahafu zilizochakaa. Maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi jalalani wala hayafungiwi maandazi. Unatia udhu, unayafunga kwa kitambaa cha bafta nyeupe, unachimba mahali miguu ya watu haipiti, na unayaweka juu ya udongo wenyewe, bila sanduku, kwa sababu yameshamaliza kazi na yanarudi yalikotoka. Mahali petu palikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho wa mwisho. Mikono yangu iliijua kazi ile kuliko kichwa changu. Nilitia udhu. Nikachana bafta niliyokuwa nimenunua kwa ajili ya kanzu ya baba ya Idi. Nikazifunga daftari vizuri, fundo juu, nikachimba, nikazilaza, nikafukia. Nikasoma na Fatiha. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Nilijiona nimezitendea heshima kubwa kuliko ambayo angezitendea binti mwingine yeyote wa Mtwara.

Kesho yake wakubwa hawakuja. Keshokutwa hawakuja. Mpaka leo hawajaja.

Baba aliporudi nilimweleza. Alikuwa amechoka na msiba, akatazama mkorosho, akatazama mvua.

"Kilichozikwa hakifukuliwi ovyo," alisema. "Tumngoje mwenyewe."

Nasema haya bila kumlaumu. Angesema fukua, ningefukua. Lakini na mimi nilikuwa na miguu na jembe, na mvua ilinyesha siku kumi na moja zaidi huku nikisahihisha madaftari ya watu.

Fundi alirudi amekonda, matope mpaka magotini, anacheka kama mtoto. Alisema pampu inapiga na kijiji kizima wamemwita bwana harusi. Alikwenda moja kwa moja chumbani kubadili nguo. Nilisikia godoro linainuliwa. Alipotoka hakuwa anacheka tena.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja: balozi, wakubwa, mkorosho. Uso wake ulitulia, akashusha mabega.

"Vema, binti. Vema sana. Ulizificha."

Akanitazama, kisha akamtazama baba, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Alizijua desturi zetu mzee yule. Alikuwa amewahi kusimama na baba pale chini ya mkorosho, akasema hata kwao karatasi takatifu zilizochakaa huzikwa vilevile.

"Ulizificha," aliuliza polepole, "au ulizizika?"

"Nilizizika, Mzee Fundi."

"Hata kopo? Hata karatasi ya nailoni?"

Juu ya kabati letu kulikuwa na kopo la biskuti, kubwa, la bati, lenye kifuniko cha kubana, ambamo nilitia vifungo vya nguo. Nililiona siku ile nilipokuwa nikitafuta mkasi wa kukatia bafta. Nililisogeza kando.

Tulichimba sote watatu kwa mikono. Wanaoijua ardhi ya kwetu wanajua mchwa wake, na mchwa hupenda bafta kuliko kitu chochote. Tulikuta udongo wenye umbo la daftari. Kulikuwa na kipande cha jalada, uzi wa katani wote mzima, na karatasi chache zilizogandamana kama uji uliolala. Wino ulikuwa umekwenda. Fundi aliinua bonge moja, akalifungua kwa kucha, akaliweka chini.

Halafu alishika ukosi wa shati lake upande wa moyo, akalichana kwa nguvu mpaka kifuani. Nilidhani ni hasira, nikarudi nyuma. Baba hakurudi nyuma. Sijui alijuaje kwamba kwao ndivyo wafiwa wanavyofanya. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika mbele ya nyumba, akamshika Fundi mkono, akamkalisha, naye akakaa kando yake.

Magomeni ukitandika mkeka nje saa ile, watu wanajua. Walianza kuja mmoja mmoja, wanawake wameshika vitenge, wanaume wamevua viatu. Balozi naye alikuja, na sukari kwenye karatasi.

"Nani kafa?" alimnong'oneza baba.

"Mama yake Fundi," baba alisema. "Na dada zake wanne."

"Inna lillahi. Lini?"

"Zamani," baba alisema. "Habari imefika leo."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Walikaa. Walileta kahawa, walileta muhogo wa nazi, walimpa pole mmoja baada ya mwingine, nao hata hawakujua wanampa pole ya nini. Fundi alilia mbele ya watu kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu siku ile ya king'ora. Matanga yetu ni siku tatu. Ya kwao ni saba. Siku ya nne majirani wakaenda makazini, baba akabaki mkekani naye mpaka ya saba, na madrasa akaifunga.

Mimi nilipika, nikafua, nikapeleka maji. Siku ya saba nilipiga magoti mbele yake kuomba radhi, nikashindwa hata kuanza.

"Ulifanya kama ambavyo mama yangu angefanya," aliniambia. "Angetumia na kitambaa kilekile."

Afadhali angenipiga. Ningepigwa, ningelia, ingekwisha. Msamaha ule niliubeba, na bado ninao.

Alinunua daftari jipya. Jioni alikaa nalo, kalamu mkononi, na mara nyingi kalamu haikugusa karatasi. Alisema zamani aliandika ili asisahau, na kumbe kila alichokiandika kichwa kilikiacha, kwa kuwa kilijua kimewekwa mahali salama. Ilimjia mistari miwili ya huku, mmoja wa kule. Baba alijaribu kumsaidia kwa njia pekee aliyoijua, akawa anamwambia, "Anza tena mwanzo, Fundi," kama kwa watoto wa madrasa yake. Hakukuwa na mwanzo.

Kisha asubuhi moja, ilikuwa Jumapili kwa kuwa nilikuwa nyumbani ninatwanga, alitoka chumbani miguu mitupu.

"Binti! Nimeukumbuka!"

"Nini, Mzee Fundi?"

"Mwisho! Mwisho wa wimbo wa bibi harusi!"

Akauimba palepale uani, mistari minne, mkono mmoja juu kama mwanamke mwenye tari. Sikuwahi kumsikia akiimba kwa furaha namna ile. Alirudia mara mbili, mara tatu, anacheka, nami nikapiga makofi pamoja naye. Kisha akataka kuuimba wote kuanzia juu. Alifungua mdomo. Nikaona anatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, mkono bado uko juu, na taratibu ule mkono ukashuka. Mchi wangu ulikuwa umesimama ndani ya kinu. Alikaa kwenye kizingiti.

"Nifundishe huo mwisho," nilimwambia. Ndilo jambo moja la maana nililofanya katika habari hii yote.

Alinifundisha kwa wiki nzima, kwa sikio tu. Mimi niliyefundisha wazee wa miaka sabini kuandika majina yao sikumwomba anifundishe zile herufi. Niliogopa kuzigusa. Nikauandika kwa herufi za shuleni katika daftari la mazoezi, jinsi ninavyousikia, na baba akauandika chini yake kwa herufi za Kiarabu, akisema kila mtu na mwandiko wake, nani aliyesema hajui.

Fundi alifariki vita vya ng'ambo ya mto vimekwisha, chumbani kwake, mchana, baba akimshika mkono. Watu wa mtaani walisema apelekwe kwa Wakristo, si Mgiriki? Baba alisimama mbele yao wote. "Huyu alikuwa Myahudi," alisema, "na mimi ni shahidi wake." Tulimzika chini ya mkorosho, bila msalaba na bila mwezi. Mabaki ya daftari tuliyatia pamoja naye katika sanda moja, kama alivyoagiza. Binamu yake nilimwandikia mwenyewe. Sikupata jibu, na sikustahili.

Baba naye ameshatangulia. Mjukuu wangu, ambaye nimemfundisha desturi zetu zote, alilikuta lile daftari la mazoezi juzi, jalada limetoka, kurasa zinakatika ukizishika. Aliziona herufi za Kiarabu za babu yake mkuu, akaja nalo amelibeba kwa mikono miwili.

"Bibi, hili limechakaa. Nitie udhu tukalizike?"

Nilimwimbia ile mistari minne. Aliniuliza inasema nini, nikamwambia sijui. Neno linaishia wapi na lingine linaanzia wapi, sijui. Akauliza mwanzo wake uko wapi, nikamwonyesha mkorosho.

Kisha nilimtuma juu ya kabati alishushe kopo la biskuti, nikavimwaga vifungo kitandani.